Saa Nane, Njia Panda

"Dada, turudi au tuendelee?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo tukiwa tumesimama kwenye njia panda, chini kidogo ya mgongo wa mlima. Ilikuwa saa nane kamili mchana. Nyuma yetu kilomita 5 na nusu, mbele yetu kilomita 5 na nusu. Nikamjibu papo hapo: "Njia hii ni ya mzunguko. Tukienda mbele ndiyo tunarudi."

Jibu lile nimelirudia kichwani mara nyingi sana tangu siku hiyo. Kwenye njia ya kwenda na kurudi, kila mtu anajua kugeuka ni nini: unafika mahali, unatosheka au unachoka, unageuza uso. Kwenye mzunguko kugeuka hakuonekani. Ukishapita nusu, kila hatua ya mbele inakupeleka nyumbani, na ukiipima njia kwa kilomita peke yake, kurudi nyuma kunafanana na ujinga. Kwa hiyo hugeuki, hata pale ambapo mawingu, magoti na saa ya mkononi vyote vinakuambia ugeuke. Mimi na mdogo wangu tulifika chini saa moja na dakika kumi usiku, tumeloa, tunamulika njia kwa tochi ya simu moja iliyobakiza chaji kidogo. Tangu hapo njia hiyo hiyo nimeirudia mara mbili, na haya ninayoandika nimeyajua kwa kuirudia.

Tuliichagua kwa sababu iliandikwa kuwa ni njia ya ugumu wa wastani, yenye mandhari ya milima. Kilomita 11, jumla ya kupanda mita 640. Sikulielewa neno lile "wastani" kwa maana yake kamili. Wastani ni hesabu: unachukua pagumu na parahisi, unavichanganya, unagawanya. Miguu haitembei kwenye wastani. Inatembea kwenye pagumu penyewe, halafu kwenye parahisi penyewe. Katika zile kilomita 11, ziko 2 ambazo mlima unashuka mita 400, yaani kila ukienda hatua tano mbele umeshuka kama hatua moja chini, juu ya mawe na mizizi, bila kupumzika. Sehemu nyingi zilizobaki mtu anayetembea kila siku angezimaliza huku anapiga soga.

Ramani ilikuwa imeyasema hayo yote, ila nilikuwa sijajua kuisoma. Siku hizi ndicho kitu cha kwanza ninachofanya. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na aghalabu kila mstari wa kontua, yaani ule unaopita mahali penye kimo kimoja, ni mita 20 za kimo kutoka kwa mwenzake. Ukiweka kidole mahali njia inapopita na kuhesabu mistari inayoikata, mlima unasimama mbele yako. Upande mmoja wa mzunguko wetu mistari ilikaa mbalimbali, imelegea. Upande wa pili ilibanana: mistari 20 ndani ya sentimita 4. Hiyo ndiyo ile kilomita mbili. Na sisi, bila kujua, tulikuwa tumeiweka mwisho wa siku.

Muda nao niliukokotoa vibaya. Nilisema moyoni mtu anatembea kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo 11 ni saa mbili na kidogo, tukiongeza kupiga picha ni saa tatu. Tukaanza saa nne na nusu asubuhi, tena bila wasiwasi. Baadaye sana nilikutana na kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliyoiandika mwaka 1892, na mpaka leo wapanda milima wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa nzima kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa njia yetu hiyo ni saa tatu na robo hivi, na hapo hujakaa kunywa maji, hujafunga kamba za viatu, hujasimama kutazama chochote, tena umechukuliwa kuwa mtu mwenye mazoezi. Mpaka kwenye njia panda tulikuwa tumepanda mita 440. Kwa Naismith, kufika pale ni chini kidogo ya saa mbili. Sisi tulitumia saa tatu na nusu.

Jambo hili ningependa kila anayeanza alijue, maana linaweza kukokotolewa palepale njiani, umekaa juu ya jiwe: mwendo wako halisi dhidi ya mwendo wa kwenye karatasi. Sisi tulikuwa tunatumia karibu mara mbili ya muda wa kanuni. Mtu anayetumia mara mbili asubuhi, miguu ikiwa mipya, hatatumia pungufu ya hapo alasiri. Nusu ya pili kwa karatasi ilikuwa kama saa moja na nusu. Kwetu ilikuwa saa tatu, kama hakuna kitakachoharibika. Saa nane ukijumlisha saa tatu ni saa kumi na moja. Jua lingekuwa bado lipo, ndiyo, lakini hatukubakiza nafasi ya kosa hata moja.

Pale njia panda palikuwa na mzee mmoja amekaa kwenye gogo, fimbo zake mbili zimeegemea begi. Tulikuwa tumepishana naye mara mbili tatu tangu asubuhi. Sisi tunampita tukikimbia kimbia, yeye anatukuta tumekaa tunahema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmefika."

Akatazama saa yake, akaanza kukaza mikanda ya begi. Nikamuuliza kama anapanda kwenye mgongo. Akasema hapana, anageuka.

"Mbona umekaribia kabisa?"

"Saa nane ndiyo saa yangu ya kugeukia. Niliipanga asubuhi, bado sijachoka. Ikinikuta popote, hapo ndipo pangu." Akaelekeza fimbo kwenye wingu lililokuwa linavimba nyuma ya kilele. "Na lile silipendi."

Nakumbuka nilimwonea huruma. Niliona umri umemwahi, akaikosa mandhari yenyewe kwa kilomita moja tu. Yeye akashuka taratibu kwa njia ile ile tuliyopandia, na sisi tukashika ya mgongoni.

Wingu lile halikuwa la ajabu, ndiyo kazi ya milima. Jua likichomoza linapasha joto kwenye miteremko, hewa iliyopata joto inapanda ikifuata mlima, na kadiri inavyopanda inapoa, mpaka mvuke uliomo unageuka matone. Ndiyo maana asubuhi kilele kinakuwa wazi, adhuhuri kimevaa kofia, alasiri kuna ngurumo. Si kila siku, lakini mara nyingi kiasi kwamba mtu mwenye busara anaipanga siku yake kwa kulijua hilo. Anayeanza saa nne na nusu anapanda pamoja na mawingu.

Tulifika juu ya mgongo karibu saa tisa. Kwa dakika kumi na tano tuliona kile tulichokifuata, na sitasema uongo, nilisahau miguu. Milima nyuma ya milima, safu baada ya safu, ile ya karibu kijani iliyoiva, inayofuata kijivu cha buluu, inayofuata buluu, ya mwisho imepauka mpaka huwezi kusema pale ndipo mlima unapoishia au ndipo anga linapoanzia. Buluu ile haimo kwenye milima. Ni hewa iliyopo kati yako nayo. Nuru ikipita katikati ya hewa, mawimbi mafupi, yaani ya buluu, hutawanyika zaidi kuliko mengine, na kadiri mlima ulivyo mbali ndivyo hewa ilivyo nyingi katikati. Kwa hiyo unachokiona ni umbali wenyewe, umetiwa rangi. Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva aliyepanda Mont Blanc mwaka 1787, alivutwa na buluu ya anga la milimani kiasi kwamba mwaka 1789 alitengeneza duara la vipande vya karatasi vilivyopakwa buluu za viwango mbalimbali, ili awe analinyanyua na kulilinganisha na anga. Nikiwa pale juu nilimwelewa, ingawa habari zake nilikuwa bado sijazisikia.

Halafu ngurumo. Mdogo wangu aliona mwako, akaanza kuhesabu kwa sauti kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Alifika kumi na tano. Kilomita 5. Mwako uliofuata alifika tisa.

Juu ya mgongo mtupu, mtu aliyesimama ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Ushauri unaotolewa ni kwamba kati ya mwako na mlio zikiwa chini ya sekunde 30, uko hatarini tayari, na baada ya ngurumo ya mwisho ungoje nusu saa ndipo utoke. Hatukujua tarakimu hizo, tuliongozwa na hofu tu, na hofu kwa mara hiyo ilikuwa mwalimu mzuri. Tulishuka upande wa pili wa mgongo mpaka penye kibonde, mbali na mti uliosimama peke yake, tukachuchumaa miguu ikiwa pamoja, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake. Mvua ikaja. Nilikuwa nimevaa jinzi na fulana ya pamba. Pamba ikiloa haikupi joto tena, inashika maji na kukaa nayo mwilini, na maji hunyonya joto la mwili upesi mara nyingi kuliko hewa kavu. Hewa yenyewe ilikuwa imeshapoa, maana kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi 6 na nusu hivi, bado upepo. Baada ya dakika arobaini vidole vyangu havikuweza kufungua zipu ya begi. Mdogo wangu aliifungua kwa meno.

Hapo tulikuwa na nafasi nyingine ya kugeuka. Mpaka njia panda ilikuwa kama kilomita 2 nyuma, kisha njia laini tuliyoijua. Hatukulizungumzia hata kidogo. Tulikuwa tumeshapita nusu, na mzunguko ulikuwa umetushika: mbele ndiko nyumbani.

Saa kumi na dakika kumi tukaanza kushuka ile kilomita mbili. Ukungu ulikuwa umekaa, unaona mita ishirini tu. Njia ilikuwa na alama za rangi ya njano juu ya mawe, na asubuhi tulikuwa tumeona chache sana, tukadhani walioziweka walikuwa wavivu. Mahali fulani njia ilikata kona kali kushoto. Mbele, moja kwa moja, kulikuwa na mfereji uliochimbwa na maji ya mvua, umelainika, unafanana na kijia kuliko kijia chenyewe. Tukaufuata.

Tuliufuata dakika thelathini na tano. Ninataka kueleza dakika hizo zilivyokuwa, kwa sababu kupotea hakuji kwa ghafla kama watu wanavyodhani. Kwanza hakuna alama, unasema itakuja. Halafu matawi yanaanza kukugusa mabega, unasema hawajafyeka siku nyingi. Halafu hakuna nyayo kwenye tope, unasema mvua imezifuta. Kila ishara tuliipatia maelezo, na maelezo yote yalikuwa yanaingia akilini. Mdogo wangu ndiye aliyesimama. "Dada, alama ya mwisho uliyoiona kwa macho yako ilikuwa wapi?" Nikamwambia ni ile ya juu, karibu na jiwe lililopasuka. "Basi twende kule."

Kupanda tena mteremko ambao umeushuka kwa taabu, magoti yanatetemeka, giza linanyemelea, hakuna kitu kinachouma roho kama hicho. Tulijikaza kisabuni. Ilituchukua dakika arobaini na tano. Lakini tulilifikia jiwe lile, na tulipogeuka tukaona ile kona.

Na tuliona kitu kingine. Kwenye jiwe la kona kulikuwa na alama, msitari wa njano wa urefu wa kidole, umepakwa ubavuni. Ulikuwa unaelekea chini ya mlima. Anayepanda anauona usoni kwake. Sisi tuliokuwa tunashuka tulikuwa tumeupa mgongo. Kumbe hawakuwa wavivu. Alama zote zilipakwa kwa ajili ya watu wanaouzunguka mlima kwa upande mwingine, na sisi tulikuwa tumeupanda mzunguko kinyume. Tangu siku ile, njiani nina mazoea ya kugeuka nyuma kila baada ya muda na kutazama nilikotoka, hasa penye njia panda. Njia ina nyuso mbili, na ukiijua kwa uso mmoja tu, siku utakayolazimika kurudi itakuwa ngeni kwako.

Sehemu iliyobaki ya mteremko ndiyo iliyoniharibia kucha mbili. Viatu vyangu vilikuwa vimefungwa vile vile tangu asubuhi, kamba zimelegea, mguu unateleza ndani na kila hatua vidole vinagonga mbele. Sasa kabla ya kushuka popote ninakaa chini kwa makusudi. Ninalegeza kamba zote, ninagonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma kabisa ya kiatu, kisha ninakaza kuanzia katikati kwenda juu. Penye kifundo, ninazungusha kamba mara mbili badala ya moja kabla ya kuvuta, maana mzunguko ule wa pili unaishika kamba isirudi. Ukisimama, unauhisi mguu umekamatwa juu na vidole viko huru. Ni kazi ya dakika mbili.

Kuhusu kushuka kwenyewe, watu wengi wanaogopa kupanda na kudhani kushuka ni kupumzika. Mapafu yanapumzika, kweli. Paja halipumziki. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku inarefushwa, inakuwa breki ya mwili mzima, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoijeruhi misuli zaidi. Ndiyo maana maumivu hayaji siku hiyo, yanaongezeka siku ya pili na ya tatu, ukawa unashuka ngazi ya nyumbani kinyumenyume. Fimbo za yule mzee hazikuwa za uzee. Fimbo mbili zinapokea sehemu ya mzigo ambao magoti yangeubeba peke yake.

Giza lilitukuta kwenye kilomita ya mwisho. Karibu na ikweta jua likishazama una dakika ishirini na kitu, basi. Ni kwenye nchi za mbali kuelekea ncha za dunia ndiko mwanga wa jioni unakokawia. Simu yangu ilikuwa imezimika zamani, imemaliza nguvu kwa kutafuta mtandao usiokuwepo siku nzima, na baridi nayo huichosha betri. Ya mdogo wangu ilitufikisha. Hatukuwa na filimbi wala hatukujua kwamba ishara ya kuomba msaada milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha sita tena. Siku hizi filimbi, taa ya kichwa na koti la mvua havitoki begini mwangu hata nikienda matembezi ya saa moja.

Mara ya pili tuliusubiri msimu ukauke. Tulianza saa moja asubuhi, na tukauzunguka mlima kwa upande ambao alama zinautazama: kwanza kilomita moja ya kupanda taratibu, kisha ile kilomita mbili ya mistari iliyobanana, tunaipanda.

Wapo watakaosema huko ni kujichosha mapema. Mimi naona kinyume chake, na sababu si magoti tu. Ukiuanza mzunguko kwa sehemu yake ngumu, swali la kugeuka linakujia ukiwa kilomita 3 tu kutoka ulikoanzia. Ukiona leo haiwezekani, nyumbani kuko nyuma yako, karibu. Ni kweli utashuka mteremko mkali, lakini utaushuka mchana, umetoka kuuona dakika chache zilizopita, miguu bado ina nguvu. Na ukipita, yote yaliyobaki ni laini, ya kutembea hata ukiwa umechoka, hata mwanga ukififia. Ukiuanza kwa sehemu rahisi, mlima unakubembeleza mpaka nusu, halafu unakuletea kigumu mahali ambapo kugeuka kumeshakuwa ghali.

Na tulikuwa na saa ya kugeukia. Tuliikokotoa usiku, juu ya meza, tukiwa tumeshiba na akili imetulia. Kilomita 3 na mita 490 za kupanda ni kama saa moja na nusu kwa Naismith. Kwa mwendo wetu tukaongeza nusu yake, kisha dakika chache za kupumzika. Ikawa saa tatu na nusu asubuhi. Tusipokuwa tumeukanyaga mgongo saa hiyo, tunageuka. Tukaiandika kwa kalamu kwenye ukingo wa ramani.

Tuliukanyaga saa tatu na dakika tano. Hakukuwa na wingu. Safu zote zilikuwepo, na kwa kuwa jua lilikuwa bado chini, kila bonde lilikuwa na kivuli chake na kila mgongo umechorwa. Tulikaa karibu saa nzima. Tulipozifikia zile kilomita 5 na nusu za mwisho tukashuka tukiongea mambo ya nyumbani, na kwenye lile gogo la mzee tukakaa kidogo. Nilimtafuta kwa macho. Hakuwepo.

Mara ya tatu mdogo wangu alikuja na mke wake, wifi yangu. Ni mwenye nguvu kutushinda, ila viatu vyake vilikuwa vipya. Kilomita ya pili akaanza kuchechemea, akanyamaza, hakutaka kutuchelewesha. Lengelenge lina muda wake: kabla halijavimba kuna joto tu, mahali padogo panapochoma, na plasta ya hapo hapo inatosha. Likishajaa maji, umechelewa. Tulipogundua lilikuwa limejaa. Tukasimama, tukamsafisha, tukamfunga, tukaendelea polepole, na saa tatu na nusu ikatukuta kwenye mawe, mdomo wa mgongo uko juu yetu kama mita 200. Tulikuwa tunaona nyasi za juu zikichezewa na upepo.

"Wifi," akaniambia, "si pale tu?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia ndiyo, pale tu, na tukifika juu iliyobaki ni laini, tena ni mzunguko. Mdogo wangu akafungua ramani, akaweka kidole kwenye ile saa iliyoandikwa ukingoni. Hakusema neno. Nikakaa chini nikaanza kulegeza kamba za viatu.

Tulishuka. Njia nzima nilikuwa nasikiliza ngurumo. Haikuja. Mchana ule hapakutokea wingu hata moja. Saa saba, saa nane, saa tisa, anga lilikuwa limeoshwa. Tulikaa mwanzoni mwa njia, wifi mguu mtupu juu ya nyasi, tukautazama mgongo ukiwa wazi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na vidoa viwili vya watu vikitembea juu yake.

"Tungekuwa pale saa hizi," wifi akasema.

"Tungekuwa pale," mdogo wangu akajibu.

Iliniuma, na bado inaniuma kidogo nikikumbuka. Tulibaki pale tukiwatazama wale watu wawili mpaka walipoingia nyuma ya kilele, kisha mdogo wangu akamsaidia mkewe kuvaa kiatu.